Manyoya ya Kofia ya Koti: Urembo au Ngao?

Mwezi huu tuongee jambo ambalo ukiwa Dar, Mombasa au Tanga utaliona la kuchekesha: yale manyoya yanayozunguka kofia ya koti la baridi. Unayaona kwenye sinema na video za muziki, unadhani ni madoido tu. Nami nilidhani hivyo hivyo, mpaka siku yaliponigombanisha na mume wangu, tukanuniana siku tatu ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Nje theluji, ndani theluji.

Ilikuwa Januari yangu ya kwanza hapa Winnipeg, Kanada. Mwenzangu alitangulia mwaka mmoja, mimi nikafuata. Uwanja wa ndege alinipokea na koti jipya, jeupe pee, kofia imezungushiwa manyoya mengi laini. Jamani, nilijiona malkia! Picha zikatumwa Tanga siku hiyo hiyo, na mashosti wakajibu kwa vigelegele.

Wiki ya pili nikapata kazi ya maabara. Zamu inaanza saa moja asubuhi, basi napanda saa kumi na mbili kasorobo, na kituo changu kilikuwa Portage Avenue, barabara ambayo hata wenyeji wanaiogopa kwa upepo. Asubuhi moja ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 30 kwa saa. Ukichanganya hivyo viwili, ngozi inasikia kama nyuzi 33 chini ya sifuri. Katika hali hiyo uso ulio wazi unaweza kuanza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Basi langu lilichelewa dakika 25.

Pumzi yangu ilitua kwenye yale manyoya mazuri, ikawa barafu. Manyoya yakashikana vibonge, kila nikigeuka vibonge vinanikwaruza shavuni. Nilipofika kazini dada mmoja akanishika kidevu: "Una doa hapa." Kweli, shavu lilikuwa na doa la kijivu kama majivu, halina hisia. Kwa sisi weusi dalili ndiyo hiyo, ngozi inapauka kijivu na kufa ganzi. Lilipoanza kupata moto niliuma meno kwa maumivu.

Jioni nikamwambia mwenzangu nataka koti lenye manyoya ya kweli. Akauliza bei, nikataja. Ilikuwa karibu sawa na kodi yetu ya mwezi. Akacheka. "Mke wangu, vaa skafu. Mbona mimi sisikii baridi hiyo?" Kisha akaongeza neno lililoniuma kuliko bei: "Yaani mnyama auawe ili wewe upendeze?"

Kupendeza! Mtu ametoka na doa la barafu usoni, anaambiwa anataka kupendeza. Hapo ndipo mnuno ulipoanza.

Aliyekaa garini na aliyesimama kituoni

Mnuno ulikatika siku ya nne, na si kwa hekima yetu. Gari lake liligoma kuwaka, betri imekufa kwa baridi. Gari lenyewe lilikuwa likitoka gereji ya chini ya jengo letu na kuingia gereji ya chini ya jengo la ofisi yake. Mwaka mzima mume wangu alikuwa Winnipeg bila kuijua Winnipeg! Asubuhi hiyo akasimama nami kituoni. Dakika ya kumi ndevu zimejaa barafu, machozi yanamtoka. Hakusema kitu. Jioni akaniambia, "Nilikuwa nakupimia baridi yako nikiwa garini."

Msomaji wangu, kama hutakumbuka lingine humu, kumbuka hilo. Wanandoa wengi hugombana kuhusu bei ya kitu wakati ugomvi wenyewe ni huu: anayeamua si yule anayesimama kwenye upepo. Usiku ule tuliongea kama watu, kisha tukaanza kujifunza. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Manyoya yanafanya nini hasa?

Kazi yake ni kuvunja upepo. Manyoya marefu yasiyolingana urefu yanauchanganya upepo kabla haujafika usoni, na mbele ya uso wako inabaki hewa iliyotulia, inayopata joto kidogo kutokana na pumzi na ngozi yako. Ndiyo maana kofia inatakiwa ivutwe mbele mpaka uso uwe ndani kama uko kwenye pango dogo. Manyoya yanayoning'inia mgongoni ni pambo tu.

Waliobuni jambo hili ni wanawake wa Kiinuiti, watu wa kaskazini ya mbali, ambao baadhi yao wanaishi Nunavut, jimbo la Kanada lililozaliwa rasmi mwaka 1999. Wana koti la mama liitwalo amauti, lenye mfuko mgongoni wa kubebea mtoto na kofia kubwa inayowafunika wote wawili. Mwanamke aliyebebwa kwa mbeleko utotoni akiliona koti hilo anatabasamu mwenyewe. Mshono wao mmoja mashuhuri unapanga manyoya kuzunguka uso kama miale ya jua, yale marefu zaidi yakiwa ukingoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Climate Research uliipima mitindo mbalimbali ya manyoya ya kofia za Kiinuiti kwa upepo wa kutengenezwa, na huo wa miale ya jua ndio ulioshinda kwa kuulinda uso. Akina mama hao hawakuwa na maabara. Walikuwa na watoto wa kuwalinda na baridi.

Mnyama gani, kazi gani

Si kila manyoya yanafaa. Sisi tuligawanya hivi:

*Wolverini.* Ni mnyama mkali wa misituni kaskazini, wa ukoo mmoja na nyegere wetu, tena tabia wamefanana! Manyoya yake marefu ni magumu na yanateleza, hivyo barafu ya pumzi ikishika unaipangusa kwa kiganja. Ndiyo yanayosifiwa kuliko yote. Ni adimu na ghali.

*Mbwa mwitu wa kaskazini.* Marefu, mazito, nayo yanaachia barafu vizuri. Ila ana masharti ya kisheria, nitayagusa mbele.

*Koyote.* Ni kama binamu mdogo wa mbwa mwitu. Ndiye aliyezoeleka kwenye makoti ya dukani. Urefu unatosha, urefu wenyewe haulingani, na bei si ya kutisha kama hao wawili. Kwa mtu wa kituo cha basi, huyu anatosha kabisa.

*Mbweha.* Laini, ya kuvutia, rangi zake za kupendeza. Kwenye picha hana mpinzani. Lakini nywele zake ni nyembamba, zikilowa zinashikana. Zinafaa kwa mtu wa matembezi mafupi ya mjini.

*Rakuni.* Magumu kidogo, yanavumilia, na unayapata kwa wingi kwenye makoti ya zamani.

*Sungura na minki.* Sungura hupukutika, utakula nywele mpaka uchoke. Minki ni mafupi, hayavunji upepo. Hayo yaachie shingo na mikono.

*Biva.* Manyoya ya chini ni mazito na hustahimili maji, mazuri mno kwa kofia na glovu. Ndiyo yaliyowaleta wafanyabiashara nchi hii: Hudson's Bay Company ilianzishwa mwaka 1670, na kwa muda mrefu biva ndiye aliyekuwa utajiri wake. Pembeni mwa kofia, hata hivyo, koyote anamshinda.

Na feki je?

Nisiwe mnafiki, feki ina nafasi yake. Kama unaishi mji wa mvua na ubaridi wa wastani, kama London, au unatoka mlangoni na kuingia garini, feki inatosha, na hela iliyobaki nunua buti nzuri. Ila feki nyingi ni nyuzi za akriliki au poliesta zenye urefu mmoja. Zinashika barafu na kuganda, na zikichakaa zinamwaga vipande vidogo vya plastiki. Usimlaumu muuzaji kwa baridi ambayo bidhaa yake haikuumbiwa.

Tatizo ni pale feki inapouzwa kwa bei ya halisi, au halisi inapoitwa feki. Hilo la pili pia hutokea, maana ngozi za bei ya chini zipo. Jipimie mwenyewe:

1. Tenganisha manyoya uone chini. Halisi imeota kwenye ngozi. Feki imefumwa kwenye kitambaa.
2. Tazama ncha. Ya halisi inachongoka kama unywele usiokatwa. Ya feki mara nyingi imekatika butu.
3. Tafuta tabaka mbili: marefu ya juu na mafupi mengi ya chini. Feki nyingi ni tabaka moja tu.
4. Kama koti ni lako tayari, ng'oa nyuzi mbili tatu uziunguze mbali na nguo. Halisi inanuka kama nywele zilizoungua saluni. Feki inayeyuka, inabaki kidonge kigumu na harufu ya plastiki.

Soma pia lebo. Marekani sheria ya mwaka 2010 inataka hata nguo yenye manyoya kidogo itaje mnyama. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, lebo ya nguo inatakiwa kusema kama ndani yake kuna sehemu zilizotoka kwa mnyama. Ukiona jina "Asiatic raccoon", jua huyo si rakuni wa Amerika. Ni mbwa-rakuni, mnyama wa jamii ya mbwa. Manyoya ya mbwa na paka wa nyumbani yamepigwa marufuku kuuzwa Marekani kwa sheria ya mwaka 2000, na Umoja wa Ulaya tangu mwisho wa 2008.

Upate wapi?

Njia ya kwanza ni koti jipya. Lakini ujue mambo yamebadilika. Canada Goose, jina linalotajwa na kila mtu, ilitangaza Juni 2021 kuwa itaacha kununua manyoya mwisho wa mwaka huo na kuacha kuyashonea makoti mwisho wa 2022. Jimbo la California limezuia kuuza manyoya mapya tangu Januari 1, 2023, ingawa yaliyotumika yanaruhusiwa. Kwa hiyo usishangae duka kubwa likikwambia hawana.

Njia ya pili ni kununua kipande chenyewe. Kanada wawindaji wenye leseni hupeleka ngozi mnadani, mfano Fur Harvesters Auction ya North Bay, Ontario, na mafundi wa manyoya mijini huuza vipande vilivyokatwa tayari kwa kofia. Muulize fundi maswali matatu: ni mnyama gani, ametoka wapi, na ngozi imetengenezwa wapi? Fundi mwenye heshima atakujibu bila kukunja uso. Ukiweza kununua kazi ya mshonaji wa Kiinuiti au wa wenyeji wengine wa huko, hela yako inamfikia mwenye ujuzi wenyewe.

Njia ya tatu ndiyo yetu sisi: mitumba! Jamani, mitumba haikukimbii hata ukivuka bahari. Kwenye maduka ya nguo zilizotumika huku utakuta makoti ya manyoya ya bibi za watu, mapana, hayavaliki tena. Koti moja la rakuni lilitugharimu dola 40, na manyoya yake yalitosha kofia mbili, yangu na yake. Na wewe ulioko nyumbani unayejiandaa kusafiri kwenda kusoma, pita Karume au Gikomba kabla ya kupanda ndege. Makoti mazito huingia na marobota, na si watu wengi wanaoyagombea zaidi ya waendesha bodaboda.

Ila mtumba wa ngozi una mitego. Kunja ngozi taratibu. Ikilia kama karatasi au ikipasuka, iache, imekauka. Vuta manyoya kidogo. Yakitoka kishungi, iache. Nusa, harufu ya dawa ya nondo inaisha ukianika kwenye upepo wiki moja, lakini harufu ya ukungu haina dawa.

Sheria za mpakani usizipuuze. Mbwa mwitu yumo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo omba karatasi kabla ya kuvuka naye mpaka. Bidhaa za sili haziruhusiwi kuingia Marekani kwa sheria ya mwaka 1972, na Ulaya zimebanwa tangu 2009 isipokuwa zile zinazotokana na uwindaji wa Wainuiti. Koyote na rakuni hawamo kwenye orodha za CITES.

Fundi, wembe na sindano

Unaweza kushona mwenyewe jioni moja. Geuza ngozi upande wa nyuma, piga mstari, kisha kata kwa wembe ukipita kwenye ngozi tu. Ole wako ukitumia mkasi! Utakata na manyoya, ukingo utabaki kama umenyolewa na kinyozi mlevi. Upana wa vidole vitatu mpaka vinne unatosha. Tumia sindano ya ngozi, ile yenye ncha ya pembe tatu, na uzi imara. Shona utepe wa pamba pande zote mbili za kipande ili ngozi isivutike. Manyoya yaelekee nje na mbele, yazunguke uso.

Usikishonee moja kwa moja kwenye kofia. Weka vifungo au zipu, ukivue unapofua koti, maana manyoya hayaingii mashineni. Yakilowa, yakung'ute na uyaanike mbali na hita. Kiangazi yakishafika, yaweke kwenye mfuko wa kitambaa, si wa plastiki, yapumue.

Na ukivuka barabara, geuza kichwa kizima. Kofia ile inakufanya kama farasi aliyezibwa macho ya pembeni.

Tukirudi chumbani

Lile swali la mume wangu, "mnyama auawe?", sikulizika chini ya zulia. Ni swali la haki. Wako wanaoona mtego ni ukatili, hata kama kuna baridi ya namna gani. Wako wanaosema anayekula nyama na kuvaa viatu vya ngozi hana la kusema. Na wako marafiki zetu Waislamu ambao hawavai ngozi za wanyama wawindaji mpaka wamemuuliza sheikh wao. Hakuna kati ya hao anayestahili kuchekwa mezani. Koti la bibi lilitupatanisha kwa sababu hakuna mnyama mpya aliyekufa, na shavu langu likapona. Ninyi huenda mkaamua vingine. Muhimu muamue wawili.

Kabla hamjatoa hela, kaeni mjibizane haya:

Nani anasimama nje, na kwa dakika ngapi? Hesabuni kwa saa, si kwa mapenzi. Mwenye dakika nyingi ndiye mwenye sauti kubwa kwenye koti.

Nini ambacho mwenzangu hawezi kukivaa kwa amani? Akisema hawezi, usimshinde kwa hoja. Tafuteni njia nyingine: kofia yenye kina na waya ukingoni, skafu ya sufu, kinyago cha uso.

Tuna kiasi gani kweli? Mwenye kipato kikubwa asimfanye mwenzie aombe joto kama anaomba zawadi. Joto si zawadi.

Na la mwisho, kama wewe ndiye mwenye gari, siku moja mwezi huu liache. Simama na mwenzako anaposimama. Iwe kituo cha basi Winnipeg, foleni ya daladala Mbagala au matatu Nairobi kwenye mvua. Utarudi nyumbani na maneno machache zaidi.

Lile koti jeupe bado ninalo. Nalivaa Aprili theluji ikianza kuyeyuka, tukitoka kutembea Jumapili. Mume wangu hulisifia kila mara, halafu ananiuliza kama kofia nyingine iko tayari kwa Novemba.

Tukutane mwezi ujao, na tupendane.